Gitaa Nane za Mtu Mmoja

Wahenga walisema ya kwamba mkono mmoja haulei mwana, nasi tumezoea kuona hivyo hata katika muziki. Mwimbaji huhitaji waitikiaji, na mpiga chapuo huhitaji mwenziwe wa kumpigia msondo. Siti binti Saad alipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kuzitia nyimbo zake katika sahani za santuri, hakwenda peke yake. Alifuatana na wapigaji wake, kwa kuwa taarabu bila ya udi na fidla ingekuwa kama wali usio na mchuzi.

Hata hivyo wametokea watu waliotaka kuufanya wimbo peke yao tangu mwanzo hata mwisho, sauti zote na ala zote, pasipo kumngoja mtu wala kumwomba mtu. Katika insha hii nataka kusimulia habari za mmoja wao, Mmarekani aliyeitwa Les Paul. Sikumchagua kwa kuwa alikuwa mtunzi kuliko wote. La, nyimbo nyingi zilizomletea sifa zilitungwa na watu wengine. Nimemchagua kwa sababu watu wengi hudhani ya kwamba afanyaye kazi peke yake humaliza upesi, maadam hana wa kugombana naye. Maisha ya Les Paul yaonyesha kinyume chake. Upweke ulimpa uhuru, lakini uliutoza uhuru ule kwa saa, kwa siku na kwa miezi.

Ili tuifahamu kazi yake, sharti kwanza tufahamu jinsi sauti ilivyokuwa ikinaswa zamani. Tangu Thomas Edison alipotengeneza mashine yake ya kwanza mwaka 1877, kunasa sauti kulikuwa ni kuchora. Sauti hutikisa hewa, hewa hutikisa utando mwembamba, utando huitikisa sindano, na sindano huchora mfuo katika kitu laini. Ukiirudisha sindano katika mfuo ule, mambo hugeuka: mfuo huitikisa sindano, sindano huutikisa utando, na sauti husikika tena. Mashine ya namna hii haichagui. Waliomo chumbani huingia wote kwa mara moja, na akikosea mmoja wamekosea wote. Mwenye chombo cha kishindo alirudishwa nyuma karibu na ukuta, na mwenye sauti ndogo akaletwa mbele. Wimbo ukiisha, umekwisha, wala hapakuwa na kuongeza wala kupunguza.

Katika hali hiyo mtu aliye peke yake angeweza kufanya nini? Angeweza kuvifundisha vidole vyake. Mapema mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyesafiri miaka mingi katika Afrika akinasa muziki wa wenyeji, alikuwako Jadotville katika Katanga, mji ambao siku hizi waitwa Likasi. Huko alimkuta kijana mwenye gitaa, jina lake Mwenda Jean Bosco. Kijana huyo alikuwa wa kabila la Wayeke wa Bunkeya, watu ambao asili yao ni Unyamwezi. Katika wimbo wake uitwao "Masanga" alipiga kwa namna ambayo msikiaji asiyemwona huweza kuapa ya kuwa wapigaji ni wawili: kidole gumba kinashika njia yake, na kidole cha shahada kinashika njia nyingine, wala hazigongani. Hapakuwa na hila yoyote ya mashine. Wimbo wenyewe ni wa dakika chache tu, lakini nani awezaye kuzihesabu jioni alizokaa Mwenda akikirudia kipande kimoja, mpaka gumba likasahau kumfuata mwenziwe?

Huo ni upweke wa namna moja. Taabu yote imekwisha kabla ya mashine kuwashwa, na mashine inakuja kama mgeni kukuta chakula kimekwisha kuiva. Upweke wa Les Paul ulikuwa wa namna nyingine. Yeye aliingiza taabu yake ndani ya mashine yenyewe.

Hakuwa wa kwanza kufikiri hivyo. Mwaka 1941 Sidney Bechet, mpiga klarineti mashuhuri mzaliwa wa New Orleans, alipiga wimbo mmoja ambao ndani yake anasikika akishika ala sita: klarineti, saksafoni mbili za namna mbalimbali, piano, besi na ngoma. Alipiga ala moja, kisha akapiga ya pili huku ile ya kwanza ikilia, na kadhalika mpaka ya sita. Wengi waliustaajabia wimbo ule kama watu wanavyostaajabia kiinimacho, kisha wakarudi katika shughuli zao. Iliyobakia ilikuwa kumpata mtu wa kulifanya jambo lile kuwa kazi ya maisha yake.

Mtu huyo alizaliwa tarehe 9 Juni 1915 katika Waukesha, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin. Jina lake halisi lilikuwa Lester Polsfuss. Nyumbani kwa mama yake palikuwa na piano ya namna iliyokuwa ikipendwa siku zile, piano ijipigayo yenyewe: ndani yake hupita karatasi ndefu yenye matundu, na kila tundu huamrisha ufunguo mmoja ubonyee. Mtoto mwingine angestarehe kusikiliza. Lester alitwaa karatasi zile akazitoboa matundu yake mwenyewe, ili asikie sauti ambazo mtengenezaji hakuziweka. Nionavyo mimi, ufundi wake wote wa baadaye ulikuwamo katika karatasi ile. Alikuwa amekwisha kujua ya kwamba wimbo waweza kuongezwa jambo hali mpigaji wa kwanza hayupo tena.

Miaka ya ujana wake naipita upesi. Alipiga harmonika na gitaa katika mikahawa na katika redio, akaenda Chicago, akaenda New York, mwisho akafika Hollywood katika California. Mwaka 1945 alimpigia gitaa Bing Crosby, mwimbaji aliyependwa kuliko wote Marekani siku zile, katika wimbo uliopata sifa kubwa. Kwa desturi ya dunia alikuwa amefika. Alikuwa na kazi, na jina lake lilijulikana.

Kisha likatokea jambo dogo. Mwaka 1946, kwa simulizi lake mwenyewe alilolirudia mara nyingi, mama yake alimwambia ya kuwa amemsikia redioni na amefurahi sana. Les Paul hakuwa amepiga redioni wakati ule. Aliyesikiwa na mama alikuwa mtu mwingine apigaye kwa mtindo wake. Mwanafunzi asomaye habari hii huenda akacheka, lakini mpiga gitaa hakucheka. Mtu ambaye mama yake mzazi hawezi kumtambua kwa kidole chake ana nini cha kujivunia? Aliacha safari za maonyesho, akarudi kwake Hollywood, akajifungia katika banda la motokaa. Aliazimu asitoke humo mpaka apate sauti ambayo mama yake hataweza kuikosea.

Katika banda lile alikuwa ameunda mashine yake ya kuchorea sahani. Gurudumu la kuzungushia sahani alilitoa katika injini ya motokaa aina ya Cadillac, na mkanda wa kuliendesha ulikuwa wa mashine ya daktari wa meno. Msomaji asidhani ya kuwa haya yalikuwa mambo ya kichekesho. Sahani ikienda kwa kusitasita, hata kidogo sana, sauti huyumba kama ya mlevi. Gurudumu la injini ni zito na limepimwa sawasawa pande zote, kwa hiyo likianza kuzunguka haliyumbi. Mkanda wa daktari nao ulitengenezwa usitetemeke, kwa sababu zinazojulikana na kila mtu aliyewahi kutobolewa jino.

Sahani yenyewe ilikuwa bamba la aluminiamu lililopakwa utando laini mfano wa vanishi. Sindano ilipochora, ilitoa unyuzi mwembamba uliopaswa kuondolewa usije ukazongamana chini ya sindano. Juu ya bamba hilo hakuna kufuta. Mfuo uliochorwa umechorwa.

Basi kazi ilikwenda hivi. Les Paul alipiga gitaa ya kwanza, mashine ikaichora katika sahani ya kwanza. Akaiondoa sahani ile akaiweka katika mashine ya pili, ya kupigia. Akaweka sahani mpya katika mashine ya kuchorea. Sasa akaipiga sahani ya kwanza, na huku inalia, yeye akapiga gitaa ya pili kuifuatisha. Zote mbili zikaingia katika sahani mpya. Kisha sahani hiyo ikawa ndiyo ya kupigwa, na sahani ya tatu ikawekwa ipokee gitaa tatu. Akaendelea hivyo, kama mtu apandaye ngazi huku akiijenga.

Hapo ndipo taabu ilipoonekana. Kila sauti iliyonakiliwa kutoka sahani hata sahani ilipotewa na kitu. Sauti nyembamba za juu zilififia, na mkwaruzo wa sindano uliongezeka. Gitaa iliyopigwa mwanzo, katika wimbo wenye gitaa nane, ilinakiliwa mara saba kabla ya kazi kwisha. Kwa hiyo Les Paul alijifunza kuutunga wimbo kinyumenyume. Sehemu zisizo na uzito sana, zile ambazo msikiaji huzisikia bila ya kuzisikiliza, alizipiga kwanza, kwa kuwa hazidhuriki zikififia. Sauti kuu yenye kuubeba wimbo aliiweka mwisho, ibaki safi. Hebu tufikiri maana yake. Mpigaji wa kawaida huifuata sauti kuu, naye huyu alipaswa kuufuata wimbo ambao bado haupo. Alipokuwa akipiga gitaa ya kwanza, zile saba nyingine zilikuwa kichwani mwake tu, na kama hakuzisikia humo sawasawa, angekuja kuligundua kosa lake baada ya siku nyingi, wakati hakuna dawa ila kuanza upya.

Tena alikuwa na hila yake iliyozidi kuongeza muda. Ukiinasa sauti wakati sahani inakwenda kwa nusu ya mwendo wake, kisha ukaipiga kwa mwendo kamili, sauti itakwenda kwa haraka mara mbili, nayo itapanda daraja zima, kama vile mtoto aimbapo wimbo ule ule aliouimba baba yake. Kwa njia hii Les Paul alipata gitaa zenye kulia kama ndege wadogo, kwa mwendo usiowezekana kwa vidole vya mwanadamu. Lakini ili kuipiga sehemu hiyo ilimbidi aziendeshe na sahani zilizotangulia kwa nusu ya mwendo. Zikawa zinanguruma polepole kwa sauti nzito, naye akipiga juu ya ngurumo ile, akiamini tu ya kwamba yatakapoharakishwa, yote yatakutana. Wimbo wa dakika tatu ukawa wa dakika sita. Na akikosea katika dakika ya tano, sahani hutupwa.

Wimbo aliouchagua kwa kazi hii ulikuwa "Lover", uliotungwa na Richard Rodgers na Lorenz Hart kwa ajili ya sinema ya mwaka 1932. Alipiga sehemu nane, zote kwa gitaa, zote kwa mikono yake. Sahani zilizoharibika zilirundikana bandani. Alipoupeleka kwa kampuni ya Capitol, waliukubali wakautoa mwaka 1948, na wenye kusikiliza redio wakaulizana ni watu wangapi wanaopiga pale.

Mwenyewe hakuwapo kuzifurahia sifa zile. Mnamo Januari 1948 alikuwa safarini kwa motokaa katika jimbo la Oklahoma pamoja na msichana mwimbaji aliyejulikana baadaye kwa jina la Mary Ford. Barabara ilikuwa imeganda barafu, motokaa ikateleza ikaanguka kutoka darajani. Kiwiko cha mkono wa kulia wa Les Paul kilivunjikavunjika. Madaktari walimwambia ya kwamba kiungo kile hakitakunjika tena, na kwamba popote watakapouweka mkono, ndipo utakapobaki siku zote. Naye akawaomba wauunge ukiwa umekunjwa karibu na pembe mraba, mkono ukielekea tumboni, kusudi uweze kulifikia gitaa. Wakafanya hivyo. Alikaa zaidi ya mwaka akiuguza mkono huo. Tangu siku ile mkono wake mmoja ulikuwa na umbo la mpiga gitaa hata alipokuwa amelala.

Wakati alipokuwa akipona, chombo kipya kilikuwa kinaingia Marekani. Wajerumani walikuwa wametengeneza mashine ya kunasa sauti katika utepe, ambayo walikwisha kuionyesha Berlin mwaka 1935. Utepe huo ni wa plastiki uliopakwa unga wa chuma chenye kutu, na sauti huandikwa juu yake kwa nguvu za sumaku. Baada ya vita askari wa Kimarekani, Jack Mullin, alirudi kwao na mashine mbili za namna hiyo, akazionyesha San Francisco mwaka 1946. Bing Crosby, aliyekuwa amechoka kuimba redioni kwa saa ya kulazimishwa, alizipenda mno hata akatoa dola 50,000 kuisaidia kampuni ndogo ya Ampex iunde mashine kama zile. Mwaka 1949 alimpa rafiki yake Les Paul mashine moja.

Mashine ya utepe ina vichwa vitatu vilivyopangwa kwa safu: cha kwanza hufuta, cha pili huandika, cha tatu husoma. Les Paul aliitazama, akaomba apewe kichwa kimoja zaidi. Alikifunga mahali ambapo kingesoma utepe kabla haujafika penye kichwa cha kufutia. Basi sauti ya zamani ilisomwa, ikachanganywa na sauti mpya aliyokuwa akiipiga, na zote mbili zikaandikwa pamoja juu ya utepe ule ule, hali ile ya zamani imekwisha kufutwa njiani.

Wazo hili lina uzuri, tena lina hatari kuliko sahani zote. Kwa sahani, ukikosea katika gitaa ya nane, gitaa saba bado zipo katika sahani iliyotangulia. Kwa utepe, hakuna kilichotangulia. Kukohoa kumoja, mlango mmoja kubamizwa, kidole kimoja kuteleza katika tabaka la mwisho, na matabaka yote ya chini yamekufa. Mtu alipaswa kuanza tena tangu mwanzo. Nimewahi kusikia vijana wakisema ya kuwa vyombo vipya humfanya mtu awe mzembe. Sijui kama ni kweli kwa vyombo vyote, lakini chombo hiki kilimtaka mtumiaji awe makini kama mtu abebaye mayai.

Hapa sina budi kukiri jambo linaloipunguza kidogo nguvu hadithi yangu. Les Paul hakuwa peke yake tena. Mwishoni mwa mwaka 1949 alimwoa Mary Ford, na tangu hapo sauti iliyosikika katika nyimbo zao ilikuwa ya Mary, imenaswa mara nyingi moja juu ya nyingine, akijiitikia mwenyewe kama kwaya ya madada mapacha. Mara nyingi watu humsahau, wakisifu mashine na mwenye mashine. Lakini kuimba sehemu ya tatu ya wimbo, kwa pumzi ile ile na matamshi yale yale uliyoyatumia jana katika sehemu ya kwanza, hali ukijua ya kuwa kosa lako litaua kazi ya siku nzima, ni ustadi ambao hauna kichwa cha ziada cha kuusaidia. Mapema mwaka 1951, wakikaa katika nyumba ya kupanga huko New York, walinasa "How High the Moon" kwa njia hii. Wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza Marekani kwa majuma tisa.

Si watu wote waliofurahi. Chama cha wanamuziki cha Marekani kilikuwa kimegoma mara mbili, kuanzia 1942 na tena mwaka 1948, kisinase sahani yoyote, kikilalamika ya kuwa santuri zinawanyima wapigaji kazi. Ugomvi ule haukuwa juu ya Les Paul, lakini mtu aweza kuona jinsi habari yake ilivyougusa. Wimbo uliopigwa na mtu mmoja mahali pa wanane umewaacha saba nyumbani. Mimi mwenyewe, niusikilizapo wimbo wa "Lover", huwafikiri wale saba wasiokuwapo. Labda wangalipiga vibaya kuliko yeye. Labda mmoja wao angalileta neno ambalo Les Paul hakuliwaza. Katika gitaa zile nane hakuna hata moja inayomshtua mwenziwe.

Mwaka 1957 alipata alichokuwa akikitaka tangu zamani. Kampuni ya Ampex ilimletea mashine kubwa yenye vichwa vinane vilivyopangwa kimoja juu ya kimoja, na utepe wake mpana ukagawanyika njia nane, kila njia na sauti yake. Naye akaiita Pweza. Katika mashine hiyo hapakuwa na haja ya kunakili wala ya kufuta. Njia ya saba ikiharibika, hurudiwa ya saba tu, nyingine zikae salama. Kinachonishangaza ni kwamba nyimbo zake zilizotukuka kuliko zote alikuwa amekwisha kuzitoa kabla ya Pweza kufika, wakati alipokuwa akipoteza kila kitu kwa kosa moja. Miaka ile ile muziki wa vijana uligeuka, redio zikataka mambo mengine, na mwaka 1964 yeye na Mary wakaachana. Waliofaidi njia nane ni wengine waliokuja nyuma.

Katika hao waliokuja nyuma nitamtaja mmoja. Mnamo Januari 1982 Bruce Springsteen, mtunzi wa New Jersey, alikaa chumbani kwake na gitaa, harmonika, na mashine ndogo ya njia nne itumiayo kanda za kawaida, akisaidiwa na fundi mmoja. Nyimbo alikuwa amezitunga mwenyewe, nazo zilikuwa za huzuni, za watu walioshindwa. Alikusudia kuzinasa ili awafundishe wenzake wa bendi, basi. Kanda ile akawa anaichukua mfukoni bila ya kasha. Bendi ilipoingia studio na kuzipiga nyimbo zile kwa vyombo vizuri, nyingi kati yake zilikataa. Kila walipozitengeneza, kitu kilikimbia. Mwisho wakatoa kanda yenyewe, na mivumo yake na upweke wake, mwezi wa Septemba mwaka huo huo, kwa jina la Nebraska. Les Paul alitumia miezi ili mtu mmoja asikike kama wanane. Springsteen alikuwa na wenzake, na wapigaji hodari, lakini nyimbo zilimtaka asikike mmoja.

Siku hizi mwanafunzi mwenye simu aweza kupata njia nyingi kuliko za Pweza, wala hahitaji gurudumu la Cadillac. Akikosea hufuta kwa kidole. Yule mzee hakuyakuta haya kwa wivu, kwa kuwa aliishi mpaka akayaona. Lakini uzeeni mwake hakujifungia bandani. Tangu mwaka 1984 alikuwa akipiga kila Jumatatu usiku katika ukumbi mdogo wa New York, na ukumbi ule ulipofungwa akahamia mwingine. Baridi yabisi ilikuwa imevikakamaza vidole vyake, hata akabakiwa na vichache vya kupigia, na mkono wa kulia ulikuwa umekunjwa vile vile kama madaktari walivyouacha. Jukwaani alikuwa pamoja na wenzake wachache, akiwatania, na mara kwa mara akiwaita wageni wapande wapige naye. Mtu akikosea, wimbo ulikuwa ukiendelea, na watu wakicheka. Alishika desturi hiyo ya Jumatatu mpaka mwaka 2009, akafariki tarehe 12 Agosti, ana umri wa miaka 94.